Chokaa ya Mama Chapo

Gurudumu la mashine ya kukatia lilizunguka, na kila lilipozunguka utepe mwembamba wa nta ulitoka kwenye makali ya kisu ukajikunjua polepole kama ganda la kitunguu. Clare Adhiambo aliupokea kwa brashi ndogo, akaulaza juu ya maji ya uvuguvugu, akarudi kwenye gurudumu. Utepe haukuchanika. Kisu hakikukwaruza. Kile kipande cha nyama kilichozikwa katikati ya nta, ambacho Alhamisi kilikuwa kigumu kama kokoto, leo kilikatika kama ndizi mbivu.

Alishukuru. Hakushukuru kwa uzuri wa kazi. Alishukuru kwa kuwa angeachana nacho upesi.

Clare alikuwa fundi wa maabara moja ndogo iliyokuwa ghorofani juu ya safu ya bucha, kando ya barabara ya Jogoo. Kazi yake ilikuwa kupokea vipande vilivyokatwa kwenye miili ya watu, kuvikausha kwa spiriti, kuvizika kwenye nta, kuvikata vyembamba kuliko unywele, na kuvitia rangi ili daktari avisome kwa hadubini. Mikono yake ilikuwa imeshika matiti, vidole vya miguu, matumbo ya uzazi, na jicho la mtoto mara moja. Saa saba ikifika alivua glavu, akanawa, akashuka kula, na chakula kikampita vizuri. Watu wa bucha walimwita Daktari wa Nyama, naye jina hilo lilimpendeza kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Wanawake wenzake wa Makongeni, alikokulia katika nyumba za reli, walisema Adhiambo hana kinyaa. Yeye mwenyewe aliamini hivyo.

Aliamini hivyo mpaka Alhamisi iliyopita, ilipoletwa chupa kutoka kwa zahanati moja ya mtaani. Ubavuni iliandikwa: uvimbe wa kiwiko, mwanamke, miaka arobaini na moja, mpishi. Kisha jina: Everline Khavere.

Khavere ndiye Mama Chapo. Kibanda chake kiliegemea ukuta wa jengo hilo hilo, chini kabisa, kando ya mtaro. Vibarua waliotoka Industrial Area, waosha magari, wachukuzi wa nyama, wote walikula kwake. Na mchana wa Alhamisi hiyo hiyo, kabla chupa haijafika, Clare alikuwa amekaa kwenye benchi la Khavere akila chapati kwa maharagwe, akitazama mikono ile ikikanda, ikikunja na kusukuma.

Alipokitoa kile kipande kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhia nyama, na kukigawa kwa wembe, ndani yake mlitoka kitu cheupe. Hakikuwa usaha. Kilikuwa kizito, cha chengachenga, kikajibandika kwenye wembe kama unga uliokandwa nusu kisha ukaachwa. Mate yalimjaa Clare mdomoni. Alikimbilia sinki, akainama, akasubiri, na hakuna kilichotoka ila machozi. Aliporudi hakutaka kukigusa tena. Alikisukuma chote kwa ncha ya kibano mpaka kikatumbukia kwenye chupa ya asidi, mahali pa vitu vigumu, akaona vipovu vidogo vikipanda, akafunga kifuniko.

Siku iliyofuata bwana afya wa kaunsili alikifunga kibanda. Mtu alikuwa amemwona Khavere akijikamua kitu cheupe kidoleni nyuma ya kibanda, na kufikia jioni mtaa mzima ulijua kwamba Mama Chapo ana ukoma. Bwana afya hakuwa mtu mbaya. Alipanda ngazi mwenyewe, akajipangusa mvua begani, akamwambia daktari: "Jumatano adhuhuri nitarudi. Kama ni ukoma, au ni kidonda cha kuambukiza, kibanda kinang'olewa. Kama si cha kuambukiza, auze, ila mkono mwingine ukande. Lakini niambiwe ni nini, kwa jina lake. Nikisema sijui, hawa watu watakivunja wenyewe."

Leo ilikuwa Jumanne.

Clare alivivua vitepe majini kwa vioo vyembamba vya hadubini, akavikausha juu ya stovu ya mafuta ya taa kwa kuwa stima ilikuwa imepotea tangu alfajiri, akavitia rangi ya waridi na ya samawati. Kimoja akakipika kwa ile rangi nyekundu ya kutafutia vijidudu vya ukoma. Nje, mvua ile ya El Nino iliyokuwa imesahau kukoma ilinyesha juu ya mabati ya bucha, na harufu ya damu iliyoloa ikapanda hadi dirishani. Siku nyingine asingeisikia. Leo kila harufu ilikuwa na mkono wake na kila mkono ulimshika koo.

Daktari Ndindi alifika baada ya chakula cha mchana kama kawaida yake. Alikuwa mtu mfupi, wa sweta za kufumwa, aliyezungumza kama mtu anayehesabu matone ya dawa. Kwa kuwa stima haikuwepo, alitoa kabatini hadubini ya zamani yenye kioo cha kunasa mwanga, akaiweka dirishani, akainama. Alitazama kioo cha kwanza kwa muda mrefu. Akatazama cha pili. Akarudia cha kwanza.

"Adhiambo."

"Naam, daktari."

"Kipande hiki ulikipokeaje? Laini?"

"La. Kigumu kabisa. Ndiyo maana nikakitia asidi."

"Chote?"

Clare alikuwa akipangusa kisu. Mkono ulisimama.

"Njoo utazame," alisema daktari, akampisha kiti.

Clare alitazama. Aliona nyuzi za waridi za ngozi ya ndani, zimekazana. Katikati ya nyuzi palikuwa na mashimo, mengine madogo, mengine makubwa, na pembeni mwa kila shimo zilisongamana seli kubwa kubwa, kama watu wanaozunguka ajali barabarani. Ndani ya mashimo hamkuwa na kitu. Mwanga mtupu.

"Mimi naona vyumba," alisema Daktari Ndindi. "Kuta zipo. Majirani wamesimama mlangoni wanachungulia. Lakini mpangaji hayumo. Umemfukuza."

Hapo Clare alielewa. Katika maabara ile vitu vigumu karibu vyote vilikuwa mifupa, na mfupa ukiwekwa kwenye asidi, asidi huila chokaa yake mpaka kisu kikapita. Mkono wake ulikuwa umezoea: kigumu, asidi. Lakini kama ugumu wa Khavere ulikuwa chokaa, basi chokaa ndiyo iliyokuwa jibu, naye alikuwa ameliyeyusha jibu siku zote hizo chini ya kifuniko. Zaidi ya hapo, kila fundi hujua kwamba kitu usichokijua hukigawi bila kuacha nusu kwenye chupa. Yeye hakuwa ameacha hata punje.

"Na vijidudu vya ukoma?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sijaona hata kimoja. Lakini nyama iliyolala kwenye asidi hivi huenda ikakataa ile rangi nyekundu hata kama vijidudu vimo. Siwezi kumwapia mtu kwa kioo hiki. Si kwa ukoma, si kwa chokaa." Alivua miwani. "Kwa nini hukuacha nusu?"

Clare aliangalia sakafu. Angeweza kusema chupa zilikuwa nyingi, au stima ilikatika. "Nilishikwa na kinyaa," alisema.

"Wewe?"

"Mimi hula kwake, daktari. Alhamisi ile nilikuwa nimetoka kula."

Daktari Ndindi aliifuta miwani kwa upindo wa sweta, akaifuta tena ingawa ilikuwa safi. "Hata mimi," alisema mwishowe. "Huwa namtuma askari wa geti aniletee. Mbili, zimefungwa kwenye gazeti."

Walitazamana kama watu waliokutana mahali ambapo kila mmoja alikuwa ameaga anakwenda kwingine.

Daktari ndiye aliyeanza kusogea. Zahanati, alisema, haiwezi kumkata tena kabla ya wiki mbili, na bwana afya anakuja kesho. Lakini chokaa ya namna hii, kama ni yenyewe, haingoji kukatwa. Hujitafutia njia ya kutoka. "Shuka kwake. Mwombe. Kile kinachotoka chenyewe, kipake kwenye vioo kikiwa kibichi, kingine utie kwenye spiriti. Spiriti safi, Adhiambo, si ile fomalini kuukuu. Ile nayo imechachuka, itakila pia. Tutakitia maji ya fedha, tukianike juani. Kikiwa chokaa kitakuwa cheusi. Na uchukue cha kutosha kupikia ile rangi nyekundu upya."

"Nimwambie nini kuhusu kile cha kwanza?"

"Mwambie kilichotokea. Ni mwili wake."

Clare alitwaa kikapu: vioo, sindano, spiriti, pamba, glavu. Ngazini alijikuta anahesabu sababu za kurudi juu, na kila sababu ilikuwa ya maana.

Kibanda kilikuwa kimefungwa nusu, gunia limeshushwa mlangoni. Ndani Khavere alikaa juu ya debe lililopinduliwa, mbele ya jiko lisilo na moto. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye uso mzuri ulioanza kukazana mdomoni, kana kwamba ngozi ilikuwa imepungua kipimo. Sweta ilimfunika mpaka vifundo vya mikono, na vidole alivificha kwapani. Makokha, mchukuzi wa nyama wa bucha ya kwanza, alikuwa amejibanza pale pale mlangoni akikwepa mvua, kabuti lake jeupe limejaa damu mbichi na iliyokauka, gunia la kubebea mizoga likiwa kichwani.

"Niaje, Daktari wa Nyama!" alisema Makokha. "Umeshukia chapo? Leo hakuna. Leo kuna simiti tu."

"Makokha, nyamaza," alisema Clare.

"Si nasema ukweli? Manze, mimi nimekula hapa tangu Moi atoe maziwa shuleni. Sasa usiku najigusa tumbo, nasikia ukuta. Ukinigonga hapa, ko ko ko! Nimepigwa plasta."

"Hilo tumbo lilikuwa tupu ulipokuja," alisema Khavere bila kuinua kichwa. "Mimi ndiye niliyelijenga. Na kabla hujaniita mchafu, Makokha, jitazame hilo kabuti. Ng'ombe wangapi wamelala hapo tangu lioshwe?"

"Ya ng'ombe ni nyama, mama. Ng'ombe hana ukoma."

"Basi nenda ukae na ng'ombe."

Makokha alicheka, lakini alisogea hatua mbili mvuani, na Clare aliona kwamba hakusogea kwa sababu ya matusi. Alisogea kwa sababu Khavere alikuwa ametoa mkono kwapani.

Clare aliingia, akalishusha gunia la mlango mpaka chini. Ndani kulibaki na giza la kijivu na harufu ya mafuta baridi.

"Mama Luseno," alianza, kwa jina la mwanawe wa kwanza, maana leo lile la Mama Chapo lilimkwama. "Nimetumwa na daktari."

"Najua umetumwa. Tangu Alhamisi hujashuka. Siku zote ulikuwa unanisalimia hata kabla hujaona sufuria." Khavere alimtazama. "Wameona nini?"

"Hawajaona. Kile kipande cha kiwiko, mimi ndiye niliyekiharibu. Nilikitia kwenye dawa isiyofaa, ikakila. Daktari hawezi kusema lolote kwa kile."

Mvua ilipiga bati. Khavere alijigusa kiwiko juu ya sweta.

"Walinikata kwa sindano moja tu ya ganzi," alisema. "Ya pili walisema imeisha. Nikauma leso." Akainua macho. "Uliharibu kwa bahati mbaya?"

"Kwa haraka. Sikutaka kukigusa."

"Kwa sababu kilikuwa changu."

"Kwa sababu nilikuwa nimekula."

Khavere alitoa sauti ambayo ingekuwa kicheko kama ingefika mwisho. "Unadhani mimi sioni kinyaa? Mimi ambaye nalala nacho? Kidole kikianza kuwasha najua kinaiva. Nangoja watoto walale, nakikamua huku nimegeuza uso. Nikikitazama nasema, Mungu wangu, mtu gani huyu anayetoa chokaa kama ukuta wa choo? Mume wangu alinihamishia kitanda cha upande wa mlango. Hakusema kitu. Alihamisha tu godoro."

Clare alikuwa na swali lililomkaba tangu Alhamisi. Alijua halikuwa la maabara wala daktari hakulituma. "Mama, nikuulize. Kiliwahi kuingia kwenye unga?"

Khavere hakukasirika, na hilo ndilo lilikuwa baya. Alifikiri kama mtu anayetaka kujibu sawasawa. "Nilikuwa nafunga kila kidole kwa karatasi ya nailoni, na uzi. Siku moja nailoni ilipasuka, nikakiona. Ule unga niliutupa wote mtaroni, na ulikuwa wa asubuhi nzima. Hiyo moja naijua." Akavuta pumzi. "Siku nyingine sijui, Adhiambo. Ni cheupe, na unga ni mweupe. Siwezi kukuapia."

Clare alirudi nyuma hatua moja. Aliweka kiganja kwenye nguzo ya kibanda, nguzo ikanata mafuta, akaondoa kiganja. Kilichomwudhi ni kwamba angependa kusikia uongo. Uongo ungemshusha chini, na juu yake yeye angekaa akihukumu kwa raha. Ukweli ulimwacha papo hapo, wima, na mate mdomoni.

"Nipe mkono," alisema.

Alivaa glavu, akaupakata mkono wa Khavere juu ya goti lake karibu na mwanya wa mlango ambako mwanga uliingia. Mkono ulikuwa baridi ajabu, ncha za vidole zimepauka kuwa nyeupe, kisha mbele ya macho yake zikageuka zambarau. Ngozi ilimetameta, imevutika kama ya ngoma. Vijivimbe vilikaa kando ya vidole na kwenye kiganja, vigumu, kama punje za mahindi zilizoshonewa ndani. Kimoja, kwenye kidole cha shahada, kilikuwa na kichwa cheupe.

"Kitauma?"

"Hicho hakiumi kikitoka. Kinauma kikikataa."

Clare alikisafisha kwa spiriti, akatoboa kwa sindano, akabonyeza. Kwanza hakikutoka kitu. Akabonyeza tena kwa vidole gumba vyote viwili, ngozi ikatoa mlio mdogo, na kitu kile kikaanza kutoka, cheupe, polepole, kizima kama dawa ya meno iliyochanganywa na mchanga, kikijipinda juu ya kidole chake bila kukatika. Alitegemea harufu. Kila kinachotoka chini ya ngozi ya mtu huwa na harufu yake, na harufu ndiyo humpa fundi mahali pa kuelekeza kinyaa. Hiki hakikunuka kabisa. Kilikuwa safi kama chaki. Jambo hilo lilimchukiza kuliko uvundo wowote aliowahi kusikia.

Alikipaka kwenye kioo cha kwanza, akafunika kwa kioo cha pili na kuvuta. Kilikwaruza. Kwaruzo hilo lilipanda kwenye meno. Akapaka kioo kingine, na kingine. Kilichosalia akakikwangua kwa sindano mpaka kikaanguka kwenye spiriti, kikazama mara moja kama jiwe.

Gunia la mlango lilisogea. Makokha alikuwa anachungulia. "Yesu wangu! Hiyo ndiyo tumekuwa tukila?"

"Hiyo inakwenda kusomwa," alisema Clare. "Wewe ukikamuliwa utatoa nini? Karibu, nina sindano nyingine."

Gunia lilirudi haraka. Khavere alicheka safari hii, mkono wake ukatikisika kwenye goti la Clare, na tone moja zaidi la ule weupe likajitokeza. Clare alilipangusa kwa pamba. Alijishangaa kwamba alikuwa bado ameushika mkono.

"Unapomeza chakula," aliuliza, kwa kuwa alikumbuka jinsi daktari alivyozoea kuuliza, "huwa kinakwama?"

"Ugali, ndiyo. Lazima niusukume na maji. Kwani hilo nalo linatoka kwenye kidole?"

"Sijui. Nitamwambia daktari. Pengine kuna kitu kikubwa kinachozaa hii chokaa, na hadubini yetu ya juu haiwezi kukiona. Atataka uende hospitali kubwa."

"Hospitali nitakwenda. Lakini kesho kwanza." Khavere alirudisha vidole kwapani. "Yule mama anayeuza githeri upande wa pili amekuja mara mbili kupima hapa kwa hatua. Anapima nikiwa nimekaa ndani."

Clare alipanda ngazi akiwa ameshika kikapu mbali na mwili.

Daktari Ndindi alichukua kioo kimoja bila kukitia rangi, akakiweka chini ya hadubini, akageuza kile kioo cha kunasa mwanga huku na huku akiwinda mwanga uliosalia. "Punje," alisema. "Nyingi. Zinaziba mwanga, za pembe pembe, kama mchanga wa mto." Akamwachia atazame. Kisha, kwa ile sauti yake ya matone: "Lakini mkono wa mpishi una nini kingine?"

"Unga," alisema Clare.

"Tia ayodini."

Alidondosha ayodini, ambayo hugeuza unga kuwa wa samawati, kwenye ukingo wa kioo. Wakangoja. Punje zile kubwa zilibaki zilivyokuwa, hazikujali. Lakini pembeni, moja moja, kama nyota za jioni, vijipunje vya mviringo viligeuka samawati iliyokolea. Vitano, sita. Unga wa ngano uliojificha kwenye mikunjo ya ngozi, au chini ya kucha, uliokataa kuoshwa.

Clare alitazama vitu hivyo viwili vimelala pamoja kwenye kioo kimoja, vimegusana. Alikuwa ametaka hadubini imwambie kwamba ni vitu viwili vya dunia mbili. Badala yake ilimwonyesha, kwa ukubwa wa mara mia nne, kile alichokuwa ameogopa kukiwaza akiwa na glasi ya chai mkononi. Alisimama, akaenda sinki, na mara hii chai ya saa nne ilitoka yote.

Daktari aliinuka. Alimpisha, akafungua dirisha la pili. Clare alipomaliza kusukutua alimkuta amepanga vioo upya.

"Sasa tunajua unga ni upi," alisema daktari. "Na zile nyingine si unga. Hatujui bado ni nini. Fedha ndiyo itakayosema. Unga hautaigusa."

Chupa ya maji ya fedha ilikuwa kabatini, ya kahawia, imefungwa kwa karatasi nyeusi. Clare aliitoa, akaielekeza dirishani, akaona mwenyewe bila kuambiwa. Wingu lilikuwa limelala juu ya paa za Kaloleni kama kifuniko cha sufuria. Hapakuwa na kivuli cha kitu chochote mahali popote. Fedha hunata kwenye chokaa, lakini ni jua linaloiunguza ikawa nyeusi, au taa kali. Na taa zote za jengo zilikuwa zimekufa.

"Tukijaribu na mwanga huu?"

"Itakuwa kahawia. Kahawia ni rangi ya mtu asiye na hakika. Bwana afya ataniuliza, ndiyo au la?" Daktari alivaa koti lake la mvua. "Na ile nyekundu pia nataka kuipika mbele ya macho yangu. Kesho mapema. Andaa na kioo cha kulinganishia, kitu tunachojua kina chokaa, ambacho hakijaonja asidi. Kisipogeuka cheusi hicho, basi hata cha mama yule tusikiamini."

"Kama jua halitatoka?"

"Stima itarudi. Kama zote mbili zitakataa, nitasimama hapa nimwambie bwana afya nilichoona na nisichoona, naye ataamua." Alifika mlangoni akageuka. "Na hata kikiwa cheusi, Adhiambo, mkono ule usirudi kwenye unga. Umwambie wewe. Kwangu atasikia hukumu."

Alipobaki peke yake, Clare alitafuta kwenye sanduku la vipande vya zamani, akapata cha pafu lililowahi kuugua kifua kikuu likapona na kuacha kovu la chokaa. Akakata vipande viwili. Kisu kilikwaruza, utepe ukachanika. Akavichukua hivyo hivyo. Akavipanga kando ya vioo vya Khavere kwenye kishikio kimoja, akafunika kwa boksi ili vumbi lisiingie. Kisha akasukuma meza ndogo kutoka dirisha la nyuma mpaka dirisha la mashariki, ambako asubuhi hufika kwanza, akaiwekea gazeti lililokunjwa chini ya mguu mmoja ili isiyumbe.

Alinawa mikono mara mbili. Akaitazama. Akanawa tena.

Sauti ilimwita kutoka chini. Khavere alikuwa amesimama kwenye uchochoro, leso kichwani, mvua ikimdondokea begani, anaangalia juu. Makokha na wenzake walikuwa mlangoni mwa bucha, wanasikiliza.

"Adhiambo! Imesemaje?"

"Bado, mama! Inataka jua!"

"Jua?" Khavere aliangalia angani, kisha akarudisha macho dirishani. "Kwenu linafika saa ngapi?"

"Likitoka, saa tatu!"

"Basi saa tatu nitakuwa kwenye ngazi. Nataka kuiona na mimi, hiyo takataka yangu, ikibadilika."

Clare aliufikiria mkono ule juu ya reli ya ngazi, juu ya kitasa, juu ya ukingo wa meza. Kulikuwa na njia nyingi za upole za kumwambia asubiri chini, na zote zilimjia kwa urahisi.

"Njoo," alisema. "Nitakuwekea stuli. Na kuna jambo la unga nataka tuongee."

Akafunga dirisha, akairudisha chupa ya fedha kwenye karatasi yake nyeusi, akaiacha juu ya meza ya mashariki, karibu na vioo.